Umeme, waya na masikio: vitu vya kwanza kwa okestra kabla ya gitaa jipya

Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, muziki wa jukwaani bado una kazi. Jumamosi usiku okestra inapiga kwenye harusi au ngandani; Jumapili asubuhi wapigaji walewale wanaketi kanisani nyuma ya kwaya. Simu yenye nyimbo ni rahisi na haidai chakula, lakini familia nyingi bado zinataka kuona mtu akipiga gitaa kwa vidole vyake.

Hata hivyo, sherehe nyingi zinaharibikia mahali ambapo wanamuziki hawapatazami. Vidole vinaijua sebene vizuri. Kinachoshinda ni umeme unaoanguka katikati ya wimbo, waya unaokwaruza, bafle inayopiga mluzi kila mwimbaji anapofungua mdomo. Na siku mbaya zaidi, ni mwimbaji kurushwa na umeme wa mikrofoni.

Vijana wakipata dola za kwanza, wengi wanakimbilia gitaa jipya linalong'aa. Mpangilio unaofaa ni kinyume chake: kwanza umeme salama, kisha waya nzuri, kisha mikrofoni, na gitaa baadaye. Gitaa la bei nafuu kwenye umeme safi linasikika. Gitaa la bei kubwa kwenye umeme mbovu linaweza kukaa kimya usiku mzima, au kumuua anayelishika.

Ubunifu haukukosekana kamwe

Wakongomani hawajawahi kungoja vyombo kamili ili waanze. Franco Luambo alipokuwa mtoto alijitengenezea gitaa kwa kopo na nyuzi alizozitoa ndani ya waya wa umeme. Konono N°1 ya Kinshasa waliunda vifaa vya kukuzia sauti ya likembe kwa sumaku za vipuri vya magari vilivyokufa, na sauti hiyo ya kukwaruza ikawafikisha kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani. Okestra ya simfoni ya Wakimbangu, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilijulikana kwa kutumia waya za breki za baiskeli pale nyuzi za violini zilipokosekana.

Hapo zamani pia mahitaji yalikuwa machache. Mwaka 1952, Hugh Tracey alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, gitaa moja lisilo na umeme na sauti ya mtu mmoja vilitosha kabisa. Okestra ya leo ni jambo lingine: gitaa tatu, besi, klavye, bateri ya ngoma, waimbaji wanne na atalaku. Watu kumi wanategemea prizi moja ukutani. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu, lakini urithi huo, kila Jumamosi, unaanzia kwenye prizi hiyo.

Umeme: hapa ndipo watu wanakufa

Mwaka 1972 huko Swansea, Uingereza, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani mbele ya watu baada ya kugusa mikrofoni iliyokuwa na umeme. Vifaa havikuwa na waya wa ardhi uliofungwa sawasawa. Nusu karne baadaye, mazingira yaleyale yanaonekana kwenye kumbi nyingi: fishi iliyokatwa mguu wa tatu, ralonji iliyofungwa kwa plastiki, waya uchi uliochomekwa moja kwa moja kwenye prizi.

Sababu si ngumu kuelewa. Nyuzi za gitaa la umeme zimeungana na chuma cha ampli yake. Kichwa cha mikrofoni kimeungana na chuma cha mikseri. Kama ampli inakula umeme wa SNEL na mikseri inakula umeme wa jenereta, au kama kimoja hakina waya wa ardhi, vyuma hivyo viwili vinaweza kuwa na umeme tofauti. Mpiga gitaa anayeimba anashika kimoja kwa mkono na kugusa kingine kwa mdomo. Umeme unapita ndani ya mwili wake, na moyo uko njiani.

Kanuni ya kwanza: vifaa vyote vya jukwaani vitoke kwenye chanzo kimoja, kupitia multiprizi zenye waya wa ardhi. Taa za mapambo, friji ya vinywaji na jiko la umeme vikae kwenye laini nyingine.

Kanuni ya pili: fundi wa umeme ahakikishe waya wa ardhi upo kweli, si tundu tu kwenye prizi. Katika mji kama Goma jambo hili linataka uangalifu wa ziada, kwa sababu mawe makavu ya volkano hayapitishi umeme vizuri kama udongo wenye maji. Fimbo fupi ya chuma iliyochomekwa kati ya mawe inaweza isisaidie kitu.

Kanuni ya tatu: okestra iwe na kipimo cha umeme, kile kidogo cha mafundi. Kabla ya kuanza, kiwekwe kwenye volti za umeme wa prizi. Ncha moja iguse kichwa cha mikrofoni, nyingine iguse uzi wa gitaa. Kikionyesha zaidi ya volti chache, hakuna mtu kuimba mpaka kasoro ipatikane. Kazi hiyo haizidi dakika moja.

Kanuni ya nne, kwa wenye uwezo: disjonkteri ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Inakaa kati ya prizi na vifaa vyote. Ikihisi umeme unatoroka, kwa mfano kupitia mwili wa mtu, inakata mara moja. Kati ya vitu vyote vya okestra, huenda hiki ndicho pekee ambacho hakuna msikilizaji atakayekipigia makofi.

Delestaji na jenereta

Baada ya uhai wa watu kuna uhai wa vyombo. Vifaa vinavyouzwa kwetu vimetengenezwa kwa volti 220. Jioni, watu wanapowasha kila kitu, volti hizo zinashuka sana katika baadhi ya mitaa. Umeme ukirudi baada ya kukatika, unaweza kupanda ghafla na kuchoma klavye. Stabilizateri nzuri inalinda, lakini tabia nayo inalinda: umeme ukikatika, mtu mmoja aliyepangwa mapema azime mikseri, klavye na ampli zote mara moja, na aziwashe tena dakika chache baada ya umeme kutulia.

Kuwasha nako kuna utaratibu. Klavye na vifaa vidogo vinatangulia, mikseri inafuata, ampli na bafle zinamaliza. Wakati wa kuzima, ampli na bafle zinaanza. Anayefanya kinyume anasikia ule mshindo mkubwa, na kila mshindo unachosha bafle.

Kwa jenereta, hesabu ifanyike kabla ya kukodisha. Nyuma ya kila kifaa kuna kibandiko kinachoonyesha umeme kinaokula. Kama kimeandikwa ampea 2 kwa volti 220, kinakula wati 440. Wati 1,000 zilizoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya bafle ni za matangazo ya sauti, si za hesabu hii. Jumla ikifika wati 2,000, ni busara kutafuta jenereta ya wati 3,000, kwa maana jenereta inayofanya kazi mpaka mwisho wa nguvu zake inatoa umeme unaotikisika. Dalili ni rahisi kuona: taa zikipungua mwanga kila besi inapogonga, jenereta imezidiwa.

Waya mbaya huua jina la okestra

Kelele nyingi za jukwaani zinatoka kwenye waya, si kwenye gitaa. Waya wa jeki wa gitaa usizidi mita sita hivi; ukiwa mrefu zaidi unakusanya mivumo na kupunguza ung'avu wa sauti. Kwa umbali mkubwa, hasa kutoka jukwaani mpaka mikseri, utumike waya wa XLR, ule wa miguu mitatu wa mikrofoni. Besi na klavye zinaingia vizuri kwenye mikseri kupitia boksi ya D.I., kifaa kidogo kinachogeuza sauti ya jeki iweze kusafiri kwenye waya huo mrefu.

Kuna kosa linalorudiwa kila wiki: kuchukua waya wa gitaa na kuunganisha ampli na bafle kwa sababu fishi zinafanana. Ndani yake ni tofauti. Waya wa gitaa ni mwembamba. Nguvu ya ampli inaupasha moto, na ampli yenyewe inaweza kuungua. Alama ya rangi kwenye kila waya inamaliza ubishi.

Kosa la pili ni la kuongeza bafle bila hesabu. Bafle mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba kwenye ampli zinakuwa omu 4. Zikiwa tatu, zinashuka chini ya omu 3. Ampli iliyoandikwa kwamba mwisho wake ni omu 4 itachemka, itajizima, na siku moja haitawaka tena. Wakati huo mwenye harusi anasema tu kwamba okestra ile haijui kazi.

Mikrofoni na mluzi wa bafle

Mikrofoni inayoonekana zaidi mikononi mwa waimbaji ulimwenguni ni Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966. Kwa sababu hiyo, ndiyo pia inayoigwa sana sokoni. Ya kweli ina uzito wa karibu gramu 300. Nyingi za bandia zinajulikana kwa wepesi na kwa sauti iliyofunikwa. Mnunuzi asikubali kulipa kabla ya kuijaribu kwa sauti yake mwenyewe, akiilinganisha na nyingine anayoijua.

Mluzi unatokea mikrofoni inaposikia bafle: sauti inatoka, inaingia tena, inatoka ikiwa kubwa zaidi, inazunguka hivyo mpaka watu wanaziba masikio. Dawa ya kwanza ni mpangilio. Bafle kubwa zikae mbele ya mstari wa waimbaji, zikiangalia watu. Spika zinazowarudishia wanamuziki sauti zao zikae chini, zikitazama mgongo wa mikrofoni, kwa sababu mikrofoni ya aina hii haisikii vizuri nyuma yake.

Dawa ya pili iko mikononi mwa mwimbaji, na hapa maatalaku wanahusika moja kwa moja. Kushika kichwa cha mikrofoni kwa kiganja kizima kunapendeza kwenye video, lakini kunaziba matundu yanayoisaidia kukataa sauti za nyuma. Papo hapo inaanza kusikia kila upande, na mluzi unafika. Mkono ukae kwenye mpini. Mdomo ukae umbali wa vidole viwili. Anayeimba akiwa mbali anamlazimisha fundi wa sauti kuongeza, na kila nyongeza inakaribisha mluzi.

Gitaa tatu, nafasi tatu

Uzuri wa okestra ya Kikongomani ni kusikia akompanye, mi-solo na solo zikisukana juu ya besi bila kufunikana. Hilo halitokani na vidole tu. Kama wote watatu wamefungua besi ya ampli mpaka mwisho, kinachotoka ni uji. Akompanye apunguze sauti nzito, mi-solo akae katikati, solo apewe ung'avu wa juu. Sehemu ya chini waachiwe besi na ngoma kubwa ya mguu. Mpiga klavye naye apumzishe mkono wa kushoto, kwa kuwa sehemu hiyo tayari ina mwenyewe.

Sebene inapoanza, kila mtu anataka kusikika. Solo akiongeza, akompanye anaongeza, mpiga bateri anagonga kwa nguvu, mwimbaji anapiga kelele. Baada ya nyimbo tatu hakuna kinachosikika tena. Njia ni moja: gitaa zianze usiku kwenye namba 6 au 7, na zile namba zinazobaki ziwe za solo peke yake anapoingia mbele. Akimaliza, anarudi chini.

Nyuzi zibadilishwe siku moja au mbili kabla ya kazi, zivutwevutwe kwa mkono na kutuniwa tena mara kadhaa. Nyuzi zilizofungwa saa ya kupanda jukwaani zinashuka wimbo baada ya wimbo. Baada ya kupiga, kitambaa kikavu kiondoe jasho. Nyuzi zitadumu zaidi. Gitaa zote zituniwe kwa klavye, kwa sababu yenyewe haishuki kwa joto wala kwa baridi. Kifaa kidogo cha kutuni kinachobanwa kwenye kichwa cha gitaa kinasaidia pale ukumbi una kelele.

Masikio hayauzwi

Hapa hasara ni ya polepole, na ndiyo maana watu hawaiogopi. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi, NIOSH, inaweka mwisho wa desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka desibeli tatu, muda unagawanywa kwa mbili. Kwa desibeli 100, muda huo ni dakika 15 tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kumbi za muziki zisivuke wastani wa desibeli 100. Okestra inayopiga saa tano ndani ya chumba cha mabati, wiki baada ya wiki, iko nje ya hesabu hiyo kabisa.

Dalili ni masikio kuendelea kulia usiku baada ya kazi, au kusikia watu kana kwamba wanaongea nyuma ya mlango. Mara nyingi inapungua kesho yake, na mwanamuziki anadhani amepona. Lakini chembe za kusikia zilizokufa ndani ya sikio haziamki tena. Mpiga solo asiyesikia sauti nyembamba anaongeza ung'avu bila kujua, na anawaumiza wengine pia.

Kinga ni vizibo vya masikio, hata vile laini vya sponji vinavyotumiwa viwandani. Vile vya wanamuziki vinapunguza sauti bila kuifunika. Mpiga bateri na anayesimama karibu na matoazi yake ndio wa kwanza kuvihitaji. Kapeti chini ya bateri na pazia nzito ukutani nazo zinapunguza mwangwi wa chumba kitupu.

Balansi na mfuko wa akiba

Okestra inayofika wakati wageni wameketi imeshapoteza. Saa mbili kabla ya sherehe ni muda wa haki. Balansi ianzie chini: ngoma ya mguu, bateri nzima, besi, gitaa moja moja, klavye, halafu sauti za waimbaji. Mwishoni wote wapige wimbo mmoja pamoja, tena wimbo mzito wa sebene, si ule wa polepole. Ikumbukwe kwamba ukumbi ukijaa, miili ya watu inakula sauti. Fundi atalazimika kurekebisha baada ya nyimbo mbili za kwanza.

Mfuko wa akiba usisahaulike nyumbani. Ndani yake: seti ya nyuzi za gitaa na uzi wa kwanza mmoja wa ziada, jeki mbili, waya mmoja wa mikrofoni, fyuzi za kila ampli, mawe ya volti 9, mediatori, fimbo za bateri na ufunguo wake, skotchi ya umeme, tochi, kitambaa, na plastiki kubwa ya kufunika vyombo mvua inapowakuta njiani. Orodha ya nyimbo iandikwe kwa herufi kubwa, nakala moja kwa kila mwanamuziki, pamoja na ufunguo wa kila wimbo.

Nani mwenye vyombo?

Mambo haya yote yanafika kwenye swali moja ambalo okestra nyingi zinalikwepa. Mwenye vyombo ndiye mwenye okestra. OK Jazz ilipozaliwa mwaka 1956, ilichukua jina la baa iliyokuwa ikipigia, OK Bar. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978, alikuta huko mji ambamo bendi nyingi zilikuwa mali ya mfanyabiashara au taasisi iliyonunua vyombo. Mwanamuziki akigombana na tajiri, aliondoka na kipaji chake tu.

Hali hiyo ipo hata sasa. Kundi linalokodisha kila kitu linaweza kupiga miaka kumi na kubaki bila waya mmoja. Njia ya kutoka ni ndogo na ya kuchosha: kila malipo yanapoingia, kabla ya kugawana, sehemu iliyokubaliwa iwekwe pembeni kwa ajili ya vyombo, iandikwe kwenye daftari ambalo kila mwanachama anaweza kulisoma. Iandikwe pia kifaa kipi ni cha kundi na kipi ni cha mtu, ili siku ya kuachana kusiwe na polisi.

Kwa mteja, karatasi moja inatosha: saa ya kuanza na kumaliza, avansi, nani analeta umeme na mafuta ya jenereta, nani analipa usafiri, na nani anajibu kifaa kikiharibiwa na wageni. Kipengele cha umeme kiwe cha kwanza. Mteja akikataa kukisaini, okestra imeshajua ni usiku wa aina gani unaoingojea.

Kwa kundi linaloanza leo na pesa chache, mpangilio ni huu: multiprizi nzuri na kipimo cha umeme, waya zenye alama, vizibo vya masikio, mikrofoni moja ya kweli kuliko nne za bandia, kisha stabilizateri na disjonkteri. Gitaa la zamani libaki kazini kwa sasa, lenye nyuzi mpya.